Mkeka wa Fuatino Uliokataa Kwisha

Wanawake wa nyumba ya ususi walikuwa wamechoka kuuliza. Mkeka mwembamba, ule laini unaokunjika kama kitenge, mtu huumaliza kwa mwaka mmoja na nusu, miwili akiwa mvivu. Wa Fuatino ulikuwa na miaka tisa.

"Dada, huo mkeka unausuka au unaufuga?" Moelagi alimuuliza asubuhi ile ya Alhamisi, na wenzake wakacheka hadi mmoja akamwaga kakao yake.

"Naufuga," Fuatino akajibu bila kuinua macho. "Ukikua nitakupa wewe, maana wako unatoboka hata kabla haujatoka hapa."

Wakacheka tena. Fuatino alikuwa na ulimi, na kijiji kilimpenda kwa ulimi huo. Lakini swali la Moelagi lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kwenye upana wa nyuzi. Fuatino alichana majani yake ya mkadi kuwa nyuzi nyembamba kupita desturi, nyembamba hata mwanamke mwenye miwani hakuweza kuzihesabu, ili akisuka siku nzima mkeka uongezeke kwa upana wa kidole tu. Mkeka ukiisha lazima upewe kazi. Kazi ya mkeka ule aliijua yeye peke yake, na aliiogopa.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mwalimu wa shule ya Jumapili kwa miaka thelathini na mitano. Karibu kila mtu mzima pale kijijini alikuwa amesimama mbele yake na kukosea Zaburi. Kuhusu ukweli, jina lake lilikuwa mzani. Watoto wakigombana nani kaiba shelisheli la nani, wazee walisema, "Mwulizeni Fuatino," na shauri likaisha. Sifa njema ni kitu kizuri, ila ikikaa kwa mtu siku ile anapoamua kusema uongo mmoja tu, inaugeuza uongo ule kuwa jiwe la msingi.

Saa nne na nusu mpwa wa Moelagi akaja mbio, kanga ya kiunoni ameishika mkononi isimdondoke.

"Uelese kajifungia dukani kwa mzee Ropati! Ana panga na galoni ya petroli. Ropati yumo ndani, na Lusi yumo!"

"Uelese yupi?" akauliza msichana mmoja ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule.

Wote walimtazama Fuatino, maana Ropati alikuwa kaka yake na Lusi, msichana wa duka, alikuwa binti wa Ropati. Walidhani rangi imemtoka usoni kwa sababu hiyo.

Uelese yupi? Yule aliyeua mtoto. Ndivyo kijiji kilivyojua. Miaka thelathini na moja nyuma, Jumamosi moja ya mvua, pikapu ya Ropati ilimgonga Iosefo, mtoto wa miaka kumi na mmoja, kwenye kona ya kisima. Ndani ya pikapu walikuwamo watu watatu: Ropati, dada yake Fuatino, na Uelese, kijana wa miaka kumi na tisa asiye na baba, kibarua wa kufua nazi, amelewa chakari. Majirani walipofika walimkuta Uelese kwenye usukani, kichwa kimelala juu ya honi. Baraza la wakuu wa koo lilikaa siku ileile. Wakamwuliza Fuatino, kwa kuwa Fuatino hasemi uongo: nani alikuwa anaendesha? Akajibu maneno mawili. "Alikuwa Uelese."

Hakuwa Uelese. Uelese alikuwa amelala nyuma juu ya magunia ya nazi, chupa kifuani. Aliyeendesha alikuwa Ropati, ambaye Jumatano ifuatayo angevikwa cheo cha ukoo, baba yao akiwa kitandani na pumzi za kuhesabu, akisubiri sherehe hiyo tu ili afe. Muuaji wa mtoto havikwi cheo. Ropati alishika mabega ya kijana, Fuatino akashika miguu, wakambeba hadi mbele. Ilichukua muda mfupi kuliko kusali Baba Yetu. Uelese alipoamka alikuwa hakumbuki kitu, na alipoambiwa ameua, aliamini.

Visiwani kule wana njia ya kuzima kisasi cha damu. Aliyekosa, au watu wake, huenda alfajiri mbele ya nyumba ya waliokosewa, hupiga magoti na kujifunika mkeka mwembamba, mkeka bora kuliko yote waliyo nayo. Hukaa hapo. Mwenye nyumba ana haki ya kutoka na panga akamkata aliye chini ya mkeka, na pia ana haki ya kuufunua kwa mkono wake mwenyewe. Akiufunua, yamekwisha. Mtu mwingine yeyote hagusi.

Mama yake Uelese, Sieni, hakuwa na mkeka wa maana. Fuatino alimpelekea wa kwake, mkeka wa harusi yake. Sieni aliupokea, akamtazama kitambo, akasema, "Asante, mwalimu." Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya nyumba ya mzee Tauiliili, baba wa marehemu Iosefo, tangu alfajiri hadi kengele ya mchana, kwenye jua, mwanamke mmoja peke yake. Kengele ilipolia Tauiliili alitoka akaufunua mkeka. Uhai wa Uelese ukaokoka. Lakini baraza likawafukuza mama na mwana, na hukumu ya baraza haina tarehe ya kwisha. Wakaenda Nyuzilandi.

Mwaka huu Uelese alirudi akiwa na miaka hamsini, amemleta mama yake kwenye jeneza. Aliomba jambo moja: Sieni azikwe kijijini, kando ya wazazi wake. Baraza lilikataa. Mwenyekiti wa baraza sasa alikuwa Ropati. Sieni akazikwa mjini, kwenye makaburi ya manispaa, kati ya watu asiowajua. Fuatino alizisikia habari hizo akiwa anasuka, na hakusema neno, na hilo nalo liwekwe juu yake.

Mbele ya duka watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Harufu ya petroli ilitoka chini ya mlango. Sajini wa polisi, Penitito, alikuwa ameegemea gari lake na kipaza sauti ambacho hakuna aliyekihitaji, kwa kuwa duka lilikuwa la mbao na kila neno la ndani lilisikika nje.

"Nauliza swali moja tu!" Sauti ya Uelese ilikuwa imekauka. "Nani alishika usukani? Jibu, Ropati, kwa sauti, nikuachie uende zako."

"Ulishika wewe, Uelese. Mungu anajua, kijiji kinajua."

"Kengele ya mchana ikilia, nawasha kiberiti. Mimi sina pa kurudi."

Ndani Lusi alikuwa analia kwa kwikwi. "Baba, mwambie anachotaka! Hata kama ni uongo, mwambie tu!"

"Siwezi kusema uongo, mwanangu," akasema Ropati.

Fuatino aliyasikia maneno hayo, na hasira ikampanda, hasira juu ya kaka yake na juu yake mwenyewe. Alimjua Ropati. Alikuwa ameusema uongo ule kwa muda mrefu hata ukawa na joto la kweli, na sasa binti yake alikuwa anasikiliza. Mzee yule angekubali kuungua kuliko kuvuliwa nguo mbele ya mwanawe. Lakini Lusi naye angeungua. Lusi, ambaye wiki iliyopita alikuja kumwomba shangazi yake amfundishe kusuka.

Akageuka, akarudi nyumba ya ususi. Akaukunja ule mkeka.

"Unakwenda wapi nao?" Moelagi akauliza. "Haujaisha! Hauna hata manyoya ya ndege pindoni!"

"Najua."

"Dada, watu watakucheka."

"Wacheke, Moelagi. Ningekuwa nimechekwa miaka thelathini iliyopita, leo ningekuwa nimezoea."

Penitito alimzuia njiani kwa mkono.

"Mama, rudi nyuma. Yule mtu ana petroli."

"Penitito mwanangu, nilikufundisha amri kumi. Ya tisa inasemaje?"

Sajini alitazama huku na huku, watu wakimwangalia. "Mwalimu, sasa hivi kweli?"

"Ulikuwa unaisahau kila mwaka."

"Usimshuhudie jirani yako uongo," akasema sajini kwa sauti ya mtoto.

"Vema. Mimi ndiye niliyeisahau. Nipishe."

Labda hakuelewa. Labda alielewa alipoona mkeka. Alimpisha.

Fuatino alipiga magoti kwenye changarawe, hatua kumi kutoka mlangoni, akajifunika. Nyuma yake kelele zilikatika. Kila mtu alijua maana ya mkeka juu ya kichwa, ila haikuwapo desturi ya mtu kuanza kuinama mchana kweupe, mbele ya duka la kaka yake, kwa mtu ambaye kijiji kizima kilimwita muuaji.

"Uelese," akasema. Sauti yake ilirudi usoni kwake, moto. "Ni mimi, Fuatino. Ropati alishika usukani. Nilikaa kando yake, macho yangu wazi. Wewe ulikuwa nyuma umelala juu ya nazi. Tulikubeba tukakuweka mbele. Yeye alishika mabega. Miguu nilishika mimi."



Mahali fulani kushoto kwake mtu alikohoa kikohozi cha uzee. Mzee Tauiliili, baba wa Iosefo, alikuwapo kati ya watu. Baadaye walimsimulia Fuatino kwamba mzee yule alivua kofia yake, akaitazama kana kwamba anatafuta kitu ndani, kisha akageuka akaenda zake nyumbani.

Chini ya mkeka jua lilipenya kwenye nyuzi zake nyembamba. Alikuwa hajawahi kuutazama mkeka wake kutoka upande ule. Goti la kulia lilimuuma. Alifikiria goti la Sieni. Alifikiria kwamba Sieni alikaa hivi tangu alfajiri, akiomba radhi kwa kosa la mwingine, chini ya mkeka wa mtu aliyempeleka pale. Akalia, na hakujaribu kujizuia.

Mlango ukafunguka. Miguu ya Lusi ilipita mbio karibu naye, kandambili zikipiga changarawe. Kisha ikaja miguu mingine, polepole, viatu vya kazi vya Nyuzilandi. Ilisimama mbele ya pindo la mkeka. Kando yake ilining'inia ncha ya panga.

"Penitito, chukua hiki kiberiti," Uelese akasema, na kitu kidogo kikaanguka mbali. "Panga nabaki nalo. Unajua kwa nini. Ukisogea, unavunja desturi mbele ya mama zako wote."

Sajini hakusogea.

"Mwalimu."

"Naam, mwanangu."

"Miaka thelathini nimemwota yule mtoto. Nilikunywa ili nisimwote, mke wangu akachoka akaondoka, na nikasema ni haki yake kuondoka, anakaaje na muuaji? Kila mwaka, siku aliyokufa Iosefo, nilifunga kula. Kwa dhambi yenu."

Fuatino alikaza magoti yake kwenye changarawe.

"Mama aliniambia hospitalini, wiki ya mwisho. Alisema, mwalimu alituletea mkeka wa harusi yake. Mtu hatoi mkeka wa harusi kwa watu walioua mtoto wa jirani, ila awe na jambo moyoni. Nikamwuliza, mama, mbona hukuniambia siku zote hizi? Unajua alinijibu nini?"

"Sijui."

"Alisema, 'Sikuwa na hakika. Mwalimu hasemi uongo.'"

Kama ni panga, lilikuwa limeshashuka. Fuatino aliinama hadi paji la uso likagusa changarawe.

Ndipo pindo la mkeka likainuka, upande wa kulia, na mwanga ukaingia. Akadhani yamekwisha. Lakini halikuwa pindo la kufunuliwa. Mtu mnene alikuwa anajipenyeza chini, kwa shida, akihema, shati lote linanuka petroli.

"Sogea, dada," Ropati akanong'ona.

Alikuwa huru. Mlango ulikuwa wazi, polisi walikuwa hatua ishirini, angeweza kwenda popote. Fuatino akasogea. Mkeka haukuwatosha, mgongo wa mkuu wa baraza ulibaki nje, na watu wote waliuona. Mkono wake ulitafuta mkono wa dada yake kwenye changarawe, ukaupata. Hawakuwahi kushikana mikono tangu siku ile ya mvua, kwa kuwa siku ile mikono yao ilikuwa na kazi nyingine.

"Ni saa ngapi?" Uelese akauliza.

"Saa tano na robo," akajibu sajini.

"Mama yangu alikaa hadi kengele. Nao watakaa hadi kengele."

Akaketi kwenye ngazi ya duka, panga juu ya mapaja. Hakuna aliyeondoka. Wanawake waliketi chini barabarani. Lusi alisimama mbele kabisa, akitazama mgongo wa baba yake, na Moelagi akamwekea mkono begani. Ropati alijaribu kuanza sala mara mbili, mara zote mbili Fuatino akamwambia anyamaze. Dakika zile arobaini na tano zilikuwa ndefu kuliko miaka tisa ya kusuka, na yeye aliona kuwa ni fupi mno.

Kengele ya kanisa, yaani ule mtungi mtupu wa gesi unaogongwa kwa nyundo, ikalia. Uelese akainuka. Fuatino alisikia viatu vikija, akafumba macho. Panga likaangushwa kwenye changarawe. Mkeka ukaondoka juu ya kichwa chake na hewa ikamwingia mapafuni baridi.

Uelese hakuwatazama. Alikuwa anautazama mkeka, ameushika kwa mikono miwili dhidi ya jua, akiupitisha vidoleni. Mwana wa mwanamke wa kule anajua mkeka hata kama amezeekea kati ya viwanda.

"Ni mwembamba huu," akasema. "Sijaona mwembamba hivi."

"Miaka tisa," Fuatino akasema.

"Haujaisha. Hauna manyoya."

"Nilisuka wa kuinamia mbele ya mama yako. Niliogopa kuumaliza. Nimechelewa."

Uelese aliukunja taratibu, mara mbili, mara tatu. Uso wake ulikuwa umelowa. Akainama akauweka mapajani mwa Fuatino.

"Sijasema nimewasamehe," akasema. "Nimewafunua tu. Wewe, nenda ukaumalize. Mama anarudi kijijini, na harudi akiwa hana cha kumfunika."

Kisha akamwendea Penitito, akanyoosha mikono.

Baraza lilikaa alasiri hiyo bila mwenyekiti wake. Ropati alivuliwa cheo kabla jua halijatua, na hakukana neno. Fuatino aliambiwa asikanyage tena shule ya Jumapili, akasema ndiyo, wamechelewa hata kumwambia. Kuhusu Sieni kuletwa azikwe kijijini, hakuna aliyepinga.

Alipofika nyumba ya ususi, wanawake walikuwa wamerudi sehemu zao na hakuna aliyekuwa anasuka. Fuatino aliketi pale alipoketi siku zote. Moelagi alikuja akaketi upande wa pili wa mkeka, akavuta pindo kwake, bila kuuliza. Lusi akaketi nyuma yao, macho yamevimba.

"Nifundishe," akasema.

Fuatino akachukua jani la mkadi, akalichana kwa ukucha mbele ya msichana aone. Moelagi alizitazama zile nyuzi, akamtazama yeye. Zilikuwa pana sasa, upana wa desturi, upana wa mtu anayetaka kumaliza.